Hesabu Pembeni mwa Jalada

Mimi ni karani wa Mahakama ya Mwanzo, Tanga mjini.
Kazi yangu kuandika yaliyosemwa, si yaliyowazwa.
Ila pembeni mwa jalada la Bi Saumu Mhina
nilikuwa nikiandika kwa penseli
hesabu ambayo hakuna aliyeniagiza.

Machungwa elfu sita, yamechumwa Mkuzi, Muheza,
shilingi thelathini kila moja, bei ya mtini:
laki moja na elfu themanini.
Mdaiwa, Hatibu Kilongola, muuzaji wa jumla, soko la Mgandini.
Mkataba, neno tu: "Nitakupa Ijumaa, mama."
Ijumaa gani, neno halikusema.

Ada ya kufungua. Nauli ya kuja, nauli ya kurudi.
Shahidi mmoja, kijana wa kupakia, naye ana tumbo:
chai, maandazi mawili, wali wa saa saba.
Nakala mara mbili, maana ya kwanza ilififia.
Na siku nzima ya palizi iliyopotea shambani;
hiyo haina risiti, nikaiandika vilevile.

Shauri likaahirishwa. Hakimu yuko semina.
Likaahirishwa. Mdaiwa anaumwa.
Likaahirishwa. Mdaiwa kapona,
shahidi kaenda Handeni msibani.

Hatibu hakuwa mjinga. Alikaa kwenye benchi
miguu kaikunja, akipiga hesabu kama mimi:
kila tarehe mpya ni mkopo usio na riba,
na fedha ya Bi Saumu kule Mgandini
ilishazaa vitunguu, vitunguu vikazaa viazi.
Dawa ya deni kulipa, walisema wahenga.
Hawakusema dozi inaanza lini.

Juu ya kiti cha hakimu imechorwa mizani
kwa rangi ya mafuta, sahani zimelingana sawasawa.
Fundi aliyeichora hakuweka mawe.
Ya sokoni ina mawe,
na muuzaji ana kidole.

Masika yalipokatika, hukumu ikasomwa.
Kurasa mbili. Mdaiwa alipe deni lote.
Gharama, kila upande ubebe zake.
Nikajumlisha safu yangu ya penseli:
laki moja na elfu tisini na nne
kuipata laki moja na themanini.
Nikamwonyesha. Sikupaswa.
"Mama, haki yako umeinunua kwa hasara."
Akaisoma taratibu, kidole chini ya kila tarakimu,
akanirudishia.
"Umesahau kuandika majirani."

Sikumwelewa hadi msimu uliofuata,
nilipokwenda Mkuzi kwenye harusi ya binamu.
Lori limeegeshwa, matenga yako wazi,
na kabla chungwa halijaguswa dalali anaandika:
karatasi ya daftari la shule, sahihi moja,
dole gumba moja, tarehe ya Ijumaa yenyewe,
nusu ya fedha mkononi mwa Mama Kidawa,
nusu mkononi mwa Mzee Shemdoe,
watu ambao hawajapanda ngazi zetu hata siku moja
wala kulipa ada ya senti tano.

Lakini bei? Ishirini na nane.
Shilingi mbili zimenyofolewa kila chungwa,
maana anayetanguliza fedha naye ana hofu zake,
na hofu haibebwi bure.

Nikamkuta Bi Saumu anamenya chungwa,
ganda moja refu, halijakatika.
Nikamwambia, sheria imekula shilingi mbili.
"Hiyo bei ya usingizi," akasema.
"Zamani nilikuwa nalipa zaidi, ila haikuandikwa popote."
Akanipa nusu ya chungwa. Lilikuwa kali kidogo.

Jalada limefungwa, liko masjala, rafu ya chini.
Juzi nililitoa, nikachonga penseli,
nikabaki nimeishika.
Usingizi huu niuandike safu gani,
ya matumizi, au ya mapato?